Havuji na Paa Juu ya Paa

Mdogo wangu ameezeka nyumba za watu miaka arobaini na mmoja, na hakuna hata moja iliyowahi kumdondoshea mtu tone la mvua kitandani. Ndiyo maana wakamwita Havuji. Jina lake la kuzaliwa nalijua mimi niliyembeba mgongoni, na anayelitaka aje aniulize. Akifika mahali anatazama juu kwanza, ndipo anasalimia watu.

Goti lilimshusha kwenye paa akiwa na miaka sitini na miwili. Sukari ikafuata, na sindano asubuhi na jioni. Miaka miwili akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, akiyakosoa mapaa ya majirani, mpaka majirani wakaanza kupita njia ya nyuma. Mimi naishi naye ukuta kwa ukuta, nikawa namwona anavyochakaa. Mwishowe hata ndevu akaacha kunyoa.

Halafu akaitwa. Shule moja ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari, ilikuwa inajenga madarasa manne, na mwalimu mkuu akasema anamtaka Havuji asimamie mafundi wa kuezeka. Si apande; asimame chini, aone. Kazi ya wiki sita. Huko hakuna umeme wala chumba cha kupanga, ila yeye ana pikapu yake kuukuu yenye kijumba mgongoni: kitanda ndani, jiko dogo, na dirisha lenye pazia nililolishona mimi.

Siku hiyo alinyoa ndevu.

Kikwazo kilikuwa dawa. Binti yake ni muuguzi wa zahanati, na mambo ya dawa kwake hayana mchezo. Alimwambia, "Baba, insulini ikipata joto inaharibika. Utajidunga, utadhani umetibiwa, kumbe bure. Ukitaka kwenda, nionyeshe friji inayokaa chini ya digrii nane siku tatu mfululizo. Kabla ya hapo, funguo za gari ninazo mimi."

"Unaninyang'anya funguo kama mtoto?"

"Mtoto ningemchapa. Wewe nakunyang'anya tu."

Akatafuta friji ndogo ya betri na paneli mbili za sola za kubebeka, zile zenye miguu ya kukunja na mpini kama wa sanduku la safari. Za namna hiyo huwekwa chini juani. Yeye akasema za chini zitakanyagwa na wanafunzi, kwa hiyo zitakaa juu ya kijumba, kwenye mabano ya chuma atakayoweza kuzichomoa akitaka.

Nilimshikia ngazi. Goti lilimsumbua lakini nilijifanya sioni, maana angekasirika bure. Alitoboa paa la kijumba kwa drili, kila skrubu akaivalisha mpira, kila tundu akalipaka gundi ya kuzuia maji. Kisha akamwaga ndoo tatu za maji na kunituma ndani nikatazame. Nikamwambia kukavu. Akanituma tena.

Asubuhi iliyofuata tukaanza kuhesabu siku. Binti aliweka kipimajoto ndani ya friji pamoja na chupa ya maji, si dawa yenyewe, akasema msomaji awe Shangazi, yaani mimi, kwa kuwa Baba ataona anachotaka kuona. Herufi zinanisumbua, lakini namba nazisoma bila miwani. Siku ya kwanza, betri ikiwa bado imejaa, ilikuwa sita. Siku ya pili mchana, jua linachoma utosi, friji ilikuwa imenyamaza na kipimajoto kiko kumi na nne.

"Kimeharibika," Havuji akasema.

"Kipi hicho, mdogo wangu?"

"Hicho. Au jua. Jua la siku hizi si la zamani."

Chakula hakukigusa. Alirudi kwenye kiti chake, na roho ikaniuma, maana nilijua safari hii akikaa hatainuka tena.

Binti alipotoka kazini alivua viatu, akapanda ngazi. Alizikagua paneli, kisha akaita, "Baba, mbona hizi paneli zimepandana?"

"Lazima zipandane. Upana wa kiganja. Ya juu inaifunika ya chini, ndivyo bati linavyolazwa. La sivyo maji yanapita katikati."

"Yapite yaende wapi? Chini yake kuna paa tayari, na umelimwagia ndoo tatu. Umeezeka paa juu ya paa."

Nilicheka, siwafichi. Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika. Yeye hakucheka.

"Friji yetu ya chanjo ni ya sola," binti akaendelea, sasa kwa upole. "Tulifundishwa tusiache hata jani juu ya paneli. Ukifunika mstari mmoja wa hivi vipande vyeusi, paneli nzima inalegea. Siku hizi mbili betri inalishwa na paneli moja, na moja haitoshi."

"Kwa hiyo niache mwanya. Mimi, niache mwanya juu ya paa."

"Vidole vinne."

"Mafundi wakiona watasema nini?"

Hapo nikaingilia. "Usipokwenda watasema Havuji anaozea kitini. Hilo ndilo unalolipenda?" Yalinitoka makali kuliko nilivyokusudia. Akanitazama, akatazama goti lake, kisha akaomba bisibisi.

Mabano aliyahamisha mwenyewe. Matundu ya kwanza aliyaziba mara mbili, akamwaga ndoo zake tatu, nikaingia, kukavu, akanituma tena. Paneli ya mbele ikatokeza kidogo juu ya kichwa cha gari. Mwanya ulikuwa vidole vitatu. Cha nne alishindwa kukitoa, na binti hakumbishia.

Tukaanza upya. Tano. Sita. Siku ya tatu mawingu yalitanda tangu alfajiri, na jioni nilisoma mara mbili, yeye akinipumulia shingoni.

"Saba," nikasema.

"Saba si nane," binti akasema. Akatoa funguo mfukoni mwa sare yake, lakini hakuziachia. "Kila jioni unampigia Shangazi, unamsomea namba. Siku usipopiga, nakuja kukuchukua mbele ya mafundi wako."

"Nitapiga."

Hii ni wiki yake ya nne huko. Anapiga kila jioni jua likizama, anasema namba kwanza, halafu ananisimulia makosa ya mafundi mpaka sikio linapata moto. Jana alisema tano, akasahau kukata simu, nikakaa namsikiliza akimfokea mtu mzima kwa ajili ya msumari mmoja uliokaa upande.