Mkono wa Kasonde

Mwezi wa saba wa 1974, baridi kavu ilikausha midomo ya watu wa mtaa wa Ruashi, na Kasonde alikuwa mjane wa miezi miwili tangu kifo cha mumewe Mulenga. Alivaa nailoni nyeusi ya matanga, shali ya sufu na viatu vya plastiki. Siku hiyo, wakati wa kupeana amani katika misa, alimpa mkono wifi yake Chanda. Tap! Cheche ikaruka, Chanda akapiga kelele mbele ya altare.

“Kaka yangu hajatoka kwake! Angali anamushika!”

Toka Jumapili hiyo hakuna aliyempa Kasonde mkono. Benchi lake lilibaki tupu pande zote mbili. Nyumbani alizoea kuongea na sufuria.

Jirani yake Donat, mjazaji wa mafuta ya ndege kule uwanja wa Luano, alipokuja kurudisha nyundo, vidole vikagusana, naye akapata cheche yake.

“Aa, mama! Unapiga watu kama askari jandarma!” Akacheka, lakini hakukimbia. “Iko nguo yako inafanya hivi. Sufu inasuguana na nailoni: moja inanyang’anya ingine chaji, vitu vidogo ambavyo macho hayaoni. Huku zinazidi, kule zinapunguka. Ile iliyozidi inatafuta njia ya kwenda chini, lakini viatu vyako vya plastiki vinaifungia, na hewa kavu haiibebi. Unagusa mutu, inarukia kwake.”

“Si Mulenga?”

“Mulenga analala, mama. Siye, mbele ya kutia mafuta, tunafunga kwanza ndege na waya ya chini, ile inapeleka chaji udongoni. Bila ile waya, cheche moja tu, tunakwisha wote.”

Kasonde alivua viatu, akasimama udongoni, akamgusa tena. Hakuna cheche. Akalia, kwa kuwa moyoni alitamani awe mumewe, kumbe hata mguso ule haukutoka kwake.

Alikwenda kwa Chanda peku, akaeleza. Chanda alificha mikono ndani ya kitenge, na majirani wengine nao hawakutaka kumsikiliza. Kutojua si kosa; kuziba masikio ili usijue, hilo ni kosa, na mtaa mzima ulilitenda bila aibu.

Mvua ya kwanza ikanyesha, hewa ikalowa, cheche zikaisha. Chanda akaja mlangoni, mkono mbele.

“Mulamu, wifi yangu, sasa kaka ameenda. Padri alimuombea. Jumapili sema hivyo mbele ya bamama ya kanisa, tukupe amani.”

Kasonde aliutazama mkono ule. Alikuwa na njaa ya kuushika.

“Mulenga aliendaka siku tulimuzika. Hakunisumbua hata siku moja. Sitamusingizia marehemu.”

“Basi siye bajinga?”

“Nilikuelezaka, mulamu. Haukutaka kusikia.”

Mkono ukarudi ndani ya kitenge. Chanda akashika njia, akiruka madimbwi, na Kasonde akabaki mlangoni, mvua ikimpiga miguuni.