Kifaru Aliyeacha Shimo

Papa, baba yetu, alikuwa mwalimu wa biolojia, na kati ya wanyama wote alimpenda mmoja ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona: kifaru wa kale, mdogo kuliko wa leo, dume lake lenye pembe mbili fupi bega kwa bega juu ya pua. Alikula majani kando ya maziwa, akatoweka kabla ya binadamu. Huko Amerika, mzoga wa mmoja wao ulikuwa bwawani wakati lava ilipoingia majini na kuganda kuuzunguka. Nyama ikaoza, likabaki shimo lenye umbo lake, tumbo juu, miguu hewani. Papa alituchorea shimo hilo miaka nenda, miaka rudi. Nilimchukia kidogo yule kifaru.

Lava ya mlima wa kwetu iliposhuka hadi mtaa wetu wa Murara, tulifanya tulivyozoea kufanya waasi wakija. Wanawake na watoto wanakimbia. Baba anabaki, la sivyo mkirudi mtakuta hata milango imeng'olewa. Mara tatu tulikimbia hivyo, na mara tatu tulimkuta ameketi kizingitini, redio sikioni.

"Muende na mama yenu," akasema. "Miye nabakia, nachunga nyumba."

Hakuna aliyembishia. Mlima hauibi magodoro, na hilo sote tulilijua.

Tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, mtaa ulikuwa mwamba mweusi, bado una joto. Nyumba haikuonekana, wala Papa. Majirani walisema pole, nikasema asante.

Baadaye tulijenga juu ya lava, kama wote. Kuchimba choo katika mwamba ule ni kazi ya majuma, basi siku ya pili mafundi walishangilia. Chini kulikuwa na uwazi.

"Mama, uko na shansi, bahati kabisa! Shimo iko tayari!"

Nilipiga magoti, nikaingiza mkono, kisha nikachungulia. Urefu wake ulikuwa kama wa mtu aliyelala. Au wa shina la mparachichi wetu. Sikujua, na sijui hadi leo.

Mama hakuja kutazama. Naye alikuwa amesikia habari za kifaru miaka yote.

"Muzibe," akasema. "Muchimbe fasi ingine."

Fundi alicheka, akidhani anatania. Walichimba majuma matatu. Kisha mama akaamuru ramani ya nyumba igeuzwe, kizingiti kikae juu ya pale palipozibwa.