Emiliana Hakufunga Kufuli

Emiliana hajui kutulia. Watu wa mtaa wetu wa Musinzira husema hivyo wakicheka, kwa sababu miguu yake haijambeba tangu utotoni. Mimi, jirani yake kwa miaka saba sasa, nasema hivyo bila kucheka, maana ananichosha. Saa mbili asubuhi yuko mlangoni kwangu ananipima gauni ambalo sijaliomba, na saa nne yuko sokoni kwenye cherehani yake ya mkono. Saa sita ameshakatiza mji mzima wa Gitega kutafuta zipu ya rangi aliyoiota. Jioni anarudi kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, mikono ikizungusha pedali kifuani, akigombana na kila mwenye pikipiki. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na anasema huko alikalishwa chini kiasi cha kumtosha maisha yote.

Baiskeli hiyo nyekundu aliichomelea mume wangu, Nassoro. Mkono wa kushoto wa Emiliana ni mfupi kidogo, kwa hiyo Nassoro akaikata pedali ya kushoto ikalingana na mkono. Chini ya kiti, kwenye sponji, Emiliana mwenyewe alichomeka sindano zake za kushonea ili asizitafute mkobani. Na kila aliposimama aliifunga kwa mnyororo na kufuli, hata uani kwetu, mpaka Nassoro akawa ananuna.

"We Emiliana, unafunga ata mbele yangu? Mi niliyeitengeneza?"

"Hata mbele yako, shemeji," anamjibu.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mume wa Letisia, jirani wa mtaa wa juu, alifariki, na siku ya tatu tukaenda kilioni, mimi na Emiliana. Kwetu nyumba ya kilio haina mlango. Huulizwi umetoka wapi. Ukishakaa chini na kuinamisha kichwa, wewe ni ndugu. Kufunga kitu chako kwa kufuli kwenye ua ule ni kumwambia mfiwa kwamba waombolezaji wake ni wezi. Emiliana akatoa mnyororo. Nikaona macho ya watu yamegeuka, uso ukaniwaka, nikamwinamia sikioni.

"Acha iyo kitu. Hapa ni kilio, haiko gare ya mabasi. Unataka watu watuseme?"

"Mama Raissa, una uhakika?"

"Mi nakuambia, acha."

Akaurudisha mnyororo mkobani. Akavaa ndala mikononi, akapanda kwa kutambaa ngazi tatu za barazani, akaingia kwa wanawake. Tuliposhuka, baiskeli haikuwepo. Mama mmoja alisema alimwona mwanaume akiisukuma kuelekea barabarani, naye akadhani katumwa kuleta vinywaji, kwa sababu siku za kilio kila chenye gurudumu hutumika. Vijana wakakimbia hadi lami, wakarudi wanahema, hawana kitu.

Wanaume wanne walimrudisha nyumbani wamembeba juu ya kiti. Alijifunika uso kwa kitenge njia nzima.

Siku mbili baadaye alifika Fredi, mdogo wake, mkulima wa mihogo huko Butihinda, mkoa wa Muyinga. Ni mtu mwema, lakini wema wake una haraka.

"Dada, turudi nyumbani. Utakaa na wanangu, utakula, hutahangaika tena."

"Nitakaa," Emiliana akasema. "Umelitaja vizuri. Nitakaa mlangoni nihesabu mbuzi wako mpaka nife."

Wakapatana hivi: angesubiri mpaka siku ya kuondoa kilio kwa Letisia, yaani ya kuufunga msiba, wiki mbili mbele. Siku hiyo ikifika hana magurudumu, atafunga mizigo amfuate Fredi.

Hizo wiki mbili sitaki kuzikumbuka. Nassoro aliwazungukia mafundi wote wa baiskeli wa Gitega, akaenda mpaka Itaba, akaambulia kupewa pole. Emiliana alishona pindo la gauni lilelile, akalifumua, akalishona tena. Vidole vyake havikuacha kucheza, na macho yalikuwa barabarani. Mimi nami nilikuwa siwezi kukaa wala kusimama. Sambusa zangu ziliungua mara tatu, wateja wakalalamika, nikawatukana. Nani alimwambia asifunge? Yeye hakulisema hilo hata mara moja, na ningefurahi kama angelisema.

Siku moja kabla ya kuondoa kilio, lori la mihogo likasimama mbele ya nyumba na Fredi akaruka chini, meno yote nje. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ya bluu, inang'aa. Alikuwa ameuza mbuzi wawili.

"Nimeipata Muyinga, nyuma ya soko, kwa fundi mmoja! Kwa bei ya kutupa! Ila kiti chake kina miiba. Nilipoijaribu nimechomwa makalioni mara mbili."

Tukacheka, Mungu atusamehe. Tukampandisha Emiliana. Akashika pedali, akazungusha mara moja, akaacha. Akapeleka mkono chini ya kiti taratibu, akautoa na sindano yenye uzi wa zambarau.

"Fredi, hii ni yangu."

Nassoro akakwangua rangi kwa msumari. Chini ya bluu kulikuwa na nyekundu yake mwenyewe.

"Ulimuuliza kaitoa wapi?" Emiliana akasema.

"Dada, bei ilikuwa..."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Na hii pedali fupi hukuiona?"

Fredi akatazama chini. "Niliiona. Nikamwambia ni kasoro, anipunguzie."

"Umeniona juu yake miaka yote hiyo, hukuitambua! Na aliyeniibia umemlipa kwa mbuzi wako!"

Fredi akalia mbele yetu, mtu mzima. Alisema alitaka tu asimbebe tena dada yake mgongoni kama walivyotoka kambini. Emiliana akamshika mkono, hasira bado iko mdomoni. Tulipopiga namba ya simu ambayo Fredi alipewa na fundi wa Muyinga, haikupatikana.

Jioni hiyohiyo Nassoro alikunja nondo nyembamba, akachomelea jina EMILIANA pande zote mbili za fremu, herufi kubwa kama kiganja.

"Bon. Sasa apake rangi mpaka achoke, jina inabaki. Akitaka kuitoa, akate chuma yote."

Kesho yake tukaenda kwa Letisia. Ua umejaa, viti vimepangwa, wazee wameshika karatasi za hotuba. Emiliana akasimamisha baiskeli chini ya zile ngazi tatu na kutoa mnyororo.

"Dada, si hapa," Fredi akanong'ona. "Watu wanatazama."

Nami niseme kweli: baada ya yote yale, bado nilitamani ardhi inimeze. Lakini safari hii niliung'ata ulimi, nikashika ncha ya mnyororo, nikamsaidia kuuzungusha kwenye nguzo ya baraza. Kufuli likalia. Maongezi ya ua mzima yakakatika.

Letisia akatoka ndani. Akashuka ngazi moja moja, akasimama mbele yetu, akautazama mnyororo. Nilijua anatufukuza. Akanyoosha mkono.

"Lete funguo."

Emiliana akampa ufunguo. Letisia akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Ile wiki, hapa kwangu watu wawili walitoka wakibebwa. Bwana yangu, na uyu. Bwana yangu harudi. Lakini uyu leo atatoka na mikono yake. Mwenye anataka iyo baiskeli, aje aombe funguo kwangu."

Kisha mzee mmoja aliyekuja kwa baiskeli yake akainuka, akaenda kuiegemeza kwenye nguzo ileile, ubavuni mwa ile ya Emiliana.

Fredi akajifuta macho kwa kiwiko. Tukapanda, tukakaa, hotuba zikaanza. Ya kwanza ilikuwa ndefu. Ya pili haijafika katikati, nikamwona Emiliana anamgusa Letisia begani na kufungua kiganja, anaomba ufunguo wake.