Msusi aliyeikataa "risasi ya bure"

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na kichwa cha Mama Redio kimesukwa nusu. Upande wa kushoto mistari imenyooka; upande wa kulia nywele zimesimama utadhani zimesikia habari mbaya. Nyuma yake mdogo wake, msusi, anachovya vidole kwenye mafuta na kuendelea.

"Tulia, dada. Saa nne tunatoka."

"Nikifa na nusu kichwa, nitakuja kukusumbua," dada anajibu. Wateja wawili kwenye benchi wanacheka. Yeye hacheki.

Saa nne wanakwenda kuchanjwa. Kufika hapa kumechukua miezi mitatu, na chanzo cha yote ni neno moja.

Chumba hiki, chini ya jengo la ghorofa saba, ndiyo saluni pekee mtaani ambako wahamiaji wanaozungumza Kiswahili husukwa na kusemana kwa lugha yao. Ugonjwa wa mlipuko ulipopamba moto mjini, ofisi ya afya iliwatumia ujumbe kwenye simu: "Risasi yako ya bure iko tayari. Njoo na kitambulisho."

Katika lugha ya wenyeji, neno moja hutumika kwa sindano ya dawa na kwa risasi ya bunduki. Mashine iliyotafsiri ilichagua vibaya, na hakuna binadamu aliyesoma kabla ujumbe haujatumwa. Ningependa kuandika kwamba watu walicheka. Hawakucheka.

"Sisi tulikimbia risasi," msusi anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Kaka yetu alibaki kule kwa sababu ya risasi. Halafu mtu ananiandikia kwamba yangu iko tayari, tena ya bure!"

Mama Redio alipata jina hilo kwa kuwasomea jumbe majirani wasiojua kusoma. Huo wa risasi nao aliusoma, akajirekodi sauti: "Jamani, wameandika wenyewe. Msiende." Sauti hiyo ikaruka simu hadi simu. Kufikia jioni ilikuwa imetiwa chumvi: eti kuna orodha, eti wanaanza na wazee.

Msusi aliisikia kwenye simu ya mteja, akamtambua mwenye sauti kabla hajamaliza sentensi. Dada huyo ndiye aliyemlea, na ana kisukari mwaka wa kumi na moja sasa. "Nikajua nikinyamaza, nitamzika kwa sababu ya neno lililokosewa."

Jumatatu alifunga saluni, akaenda ofisi ya afya. Karani alipoelezwa, akaangua kicheko.

"Nikamwambia, cheka umalize, mimi nasubiri."

Alisubiri kwa muda wa saa tano. Akarudi Jumatatu iliyofuata, na nyingine. Mara ya nne wakampa karatasi, akaandika mwenyewe: "Chanjo yako iko tayari. Ni sindano ya kawaida, ya begani. Ukiwa na swali, uliza."

Ujumbe mpya ulipotoka, mambo yakaharibika zaidi. "Mmeona? Wamebadilisha neno baada ya kujua tumewashtukia," Mama Redio akatangaza. Kati ya wateja kumi na tisa wa kudumu, kumi na mmoja walihama, wakisema msusi kanunuliwa. Mmoja aliondoka na kichwa robo.

Nilimuuliza kama alifikiria kuacha. Alinitazama kama niliyemwomba asuke kwa miguu.

"Niache nini? Kusuka kunachukua saa sita nzima. Kichwa chako kiko mikononi mwangu, utakwenda wapi? Lete uvumi wako, tuutafutie mwenyewe."

Juu ya kioo amebandika karatasi: NANI KAKWAMBIA? Mteja akisema "watu wanasema", anampigia simu aliyemwambia, naye huyo anampigia aliyemwambia yeye. Uvumi mwingi huishia kwa mtu anayesema, "Mimi? Nilisikia tu."

Ule wa risasi uliishia kwa dada yake, ambaye hakusikia tu. Alisoma. "Hakudanganya," msusi anasisitiza. "Walioandika ndio waliokosea. Mtu asimwite dada yangu mjinga mbele yangu."

Ndipo dada akatoa sharti lake la kukubali chanjo: mdogo achanjwe kwanza, yeye amtazame wiki mbili. Msusi akachanjwa. Kwa siku kumi na nne Mama Redio alifika mlangoni kila asubuhi, akamkagua juu hadi chini, akaondoka bila salamu. Jana alisema: "Kesho nisuke. Siendi kule na kichwa hiki."

Ofisi ya afya sasa inamtaka msusi asome jumbe zake zote za Kiswahili, kwa kujitolea. Neno hilo nalo amelikataa. "Waniandikie mkataba, na ndani yake kifungu kimoja: hakuna ujumbe unaotoka kabla mtu wa lugha hiyo hajausoma. Si mashine. Mtu." Hawajamjibu. Jumatatu atakuwa kwenye benchi lao.

Saa nne, robo ya kichwa ikiwa bado, Mama Redio anafunga kitambaa na kumshika mdogo wake mkono. Hauachii njia nzima, wala kwenye foleni, wala muuguzi anapompandishia mkono wa gauni.

Akishachomwa sindano, anauachia mkono wa mdogo wake, anatoa simu na kujirekodi.

"Jamani, ni mimi. Nilisoma nilichoandikiwa. Leo nimekuja kuona kwa macho yangu: ni sindano. Imeuma kidogo." Anavuta pumzi. "Na huyo aliyeandika risasi, aje aniombe radhi. Niko hapa hapa."