Vigumba vya Bati

Ishaq wa Musanda alikuwa na shabaha ya mishale iliyojulikana hadi soko la Mayoni. Nguruwe mwitu walikuwa wamehamia ndani ya mashamba ya miwa, na jua likipungua ukali walitoka kuchimbua mihogo na viazi vitamu vya watu. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku miaka mingi, lakini aliyeamka akakuta mihogo yake imelala chini hakwenda kuiuliza serikali. Alikwenda kwa Ishaq. Na kwa kuwa Ishaq alikuwa Mwislamu na nyama ile hakuigusa, majirani zake Wakristo walifurahi mara mbili.

"Baba Hadijah, wewe ua tu," Risper wa boma la pili alimtania. "Mambo ya kula tuachie sisi."

Mwaka wa tisini na nne, wiki moja kabla ya Ramadhani, nguruwe waliingia shamba la Ishaq mwenyewe. Walimaliza mistari sita ya mihogo. Abu, mdogo wake, aliyekuwa mkata miwa, alimletea pesa aliyoitoa kwenye mshahara wake.

"Nenda kwa Mzee Titus ununue vigumba vya springi," alisema. "Vile vya bati sitaki kuviona. Mimi ndiye nitakuwa ndani ya miwa nikiwafukuza."

Mzee Titus alikuwa mhunzi pale Mayoni. Alifua vigumba, yaani ncha za mishale, za aina mbili. Za kwanza alizikata kwenye bati la pipa la mafuta, akazinoa zikang'aa. Za pili alizifua kwa springi ya lori, akizirudisha motoni mara tatu, nne, na kigumba kimoja cha springi kiliuzwa kwa bei ya vitano vya bati. Ishaq alishika vya aina zote mbili akavipima mkononi. Vya springi vilikuwa vyeusi, vizito, wala havikupendeza macho.

"Hiki cha pipa ni cha kwale na sungura," Titus alimwambia. "Kikigonga mfupa wa nguruwe kitajikunja. Usije ukasema sikukwambia."

Ishaq aliihesabu pesa ya Abu. Gauni la shule la binti yake Hadijah lilikuwa limechanika mgongoni, na mwalimu alikuwa amemrudisha nyumbani mara mbili. Nyumbani hapakuwa na sukari ya uji wa futari. Tena mshale ukipita nyuma ya bega, alijiambia, haugusi mfupa, na yeye hakuwa mtu wa kukosa. Alinunua vinne vya bati. Pesa iliyobaki ilikwenda kwenye gauni na sukari.

Alivipaka masizi na mafuta, kisha akavifunga mwenyewe kwenye mishale.

"Ni springi?" Abu aliuliza.

"Ni springi."

Jumamosi baada ya alasiri Abu aliingia kwenye miwa upande wa mto, akipiga kelele na kugonga mabua kwa panga. Ishaq alisubiri kwenye njia ya matrekta. Dume moja lilichomoza mbele yake, hatua kumi na tano tu, likageuka ubavu. Alivuta, akaachia. Wakati huohuo nguruwe alipiga hatua moja, na mshale ukatua kwenye bega. Ishaq alisikia mlio mkavu wa chuma juu ya mfupa. Nguruwe alipiga ukelele, akazunguka, akarudi alikotoka. Kisha aliyepiga ukelele alikuwa Abu.

Alimkuta amekaa chini, paja la kushoto limepasuliwa na pembe ya nguruwe. Mshale ulikuwa umeanguka karibu yake, ncha imekunjwa. Abu aliutazama muda mrefu kuliko alivyolitazama jeraha.

Walipofika zahanati kwenye trela la miwa, Ishaq aliogopa. Akisema nguruwe, ataulizwa mshale, na akiulizwa mshale, atafungwa. Daktari alipouliza, alijibu haraka, "Amejikata na panga kazini." Jeraha la panga husafishwa na kushonwa; la jino la mnyama huachwa wazi kwanza. Hilo nalo lilisafishwa, likashonwa, na uchafu wote wa kinywa cha mnyama ukabaki ndani. Siku ya nne lilikuwa linanuka. Hospitali kubwa walimkata mguu juu ya goti.

Abu alirudi nyumbani mfungo ukiwa katikati. Hakumlaumu nduguye hata kidogo. Aliyemlaumu ni Titus. Kila aliyekuja kumpa pole alisimuliwa jinsi springi ya Mayoni ilivyokunjika kama karatasi, na watu waliacha kwenda kwa mhunzi yule. Baada ya Idi, Titus alifika kwa baiskeli. Hakukaa kwenye kiti alichopewa na Sumayya, mke wa Abu.

"Nasikia nilikuuzia springi mbovu," alisema.

"Uliniuzia takataka, Mzee," Abu akajibu. "Tazama mwenyewe."

Titus hakuutazama mguu. Alimtazama Ishaq, aliyekuwa amesimama na birika la maji. "Ishaq, uliyekuja kununua ni wewe. Sema ulinunua nini."

Kuku walikuwa wakiparua uani. Ishaq alifungua mdomo, akamwona mdogo wake akimsubiri kwa uso usio na shaka yoyote. Akainamia birika, akarekebisha kifuniko chake.

"Basi," Titus alisema. Aliigeuza baiskeli, akaenda zake.

"Umeona?" Abu alisema. "Hana la kujibu. Lakini mimi nimeshakubali. Ukiona hata springi inakunjika, jua ilishaandikwa. Kama kingekuwa kile cha bati, ningekufa na uchungu, ndugu yangu. Sasa najua ni Mungu tu."

Adhana ya adhuhuri ilisikika. Ishaq alichuchumaa kumsaidia kutawadha. Alimmiminia maji mikononi, usoni, kichwani. Abu alinyoosha mguu wa kulia, Ishaq akauosha mpaka kwenye kifundo, halafu mkono wake, kwa mazoea, ukasogeza birika upande wa kushoto.