Daftari la Upasuaji na Simu Aliyoicheka Mzaramo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai ya kuazima, maana nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni na nikijiona profesa. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali yetu ya umma pale Tabora, alinikabidhi daftari nene kama tofali la kuchoma.

"Karani, humu mna watu, si majina. Ukichafua ukurasa, umechafua mgonjwa."

Lilikuwa daftari la wanaosubiri upasuaji. Wasio na hatari ya papo hapo tuliwaita kesi baridi: ngiri, tezi, uvimbe. Baridi kweli! Mtu aliandikwa mahindi yakipandwa kijijini Ntalikwa, akaitwa yameshavunwa, yameliwa na yamepandwa tena. Bei nayo haikupanga foleni. Mgonjwa alidunduliza fedha ya nyuzi, glavu na dawa ya usingizi. Zamu ikifika, inatosha nyuzi tu. Nikilalamika, Mhasibu ananijibu, "Mimi sipandishi, ndugu yangu. Mimi nasoma karatasi." Huyo anayepandisha sikumwona miaka yote.

Ndipo akaja Mzee Pazi, Mzaramo aliyefanya kazi reli akastaafia Igalula, na ngiri kubwa kama boga. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wapagazi wa misafara ya pwani. Kila alipokuja kuulizia zamu nilimwambia, "Mzaramo, nimekufuta. Nasubiri ubwabwa wa msiba wako."

"Basi ubebe na jeneza, Mnyamwezi. Mizigo ndiyo kazi yenu!"

Korido nzima ilicheka.

Zamu ikafika kweli. Nikampigia simu. "Mzee Pazi, njoo leo ulale wodini, kesho unapasuliwa. Alfajiri usile kitu."

Akaangua kicheko. "Nisile, ili unile wewe? Katafute Mzaramo mjinga!" Akakata. Nilipopiga tena, alikuwa amezima.

Kesho yake nafasi ikapewa mwingine. Nikaenda kwa Mganga Mfawidhi.

"Aliyekosa zamu anarudi mwisho."

"Mkuu, alidhani ni utani."

"Daftari halina safu ya utani, karani."

Nikamwandika mwisho, nyuma ya nusu ya mkoa. Bei ikapanda tena, naye akaanza kudunduliza upya.

Kabla hajafikiwa, ngiri ikabanwa: utumbo ulinasa, ukakosa damu. Jirani yake alimleta akitapika, hana hata kauli. Hiyo si kesi baridi tena, ni dharura, na dharura haina daftari. Haikupita saa moja, yuko mezani. Nilikaa nje ya chumba cha upasuaji, kalamu mkononi, nikimwomba Mungu asinipe ule ubwabwa. Walikata kipande cha utumbo. Akapona.

Siku ya tatu nikamwendea wodini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo unaniamkia? Kumbe nilikuwa nakufa kweli!" Akashika tumbo lake lisimuume. "Sikiliza nikufundishe kazi yako, Mnyamwezi. Ukitaka kuwahi kwenye daftari lako, karibia kufa."

Wodi nzima ikacheka, hata muuguzi.

Sasa nimestaafu. Mnyamwezi kukosa la kumjibu Mzaramo ni aibu ya ukoo mzima, na jibu nimelitafuta mpaka leo. Silipati, vijana wangu, kwa kuwa katika maneno yake yote, lile peke yake halikuwa utani.