Farasi Aliyeitiwa Majina ya Wafu

Harufu ya ngozi iliyolowa bado hunishika shingoni. Siku ya soko pale Chepilat, mvua ikiwa imetoka kunyesha, napita kwa fundi wa viatu na kukuta amepanga viatu vya watu juu ya gunia, vinatoa mvuke kidogo, nami nasimama kama mtu aliyeitwa. Fundi huniuliza, "Dada, unatafuta kiatu kipi?" Sina kiatu kwake. Nanusa tu, halafu naona aibu, naenda zangu.

Nilikuwa darasa la tano, miaka ile ya tisini ambapo mashamba mengine ya wazungu upande wetu yalikuwa yakikatwa vipande na kuuziwa watu. Baba alipata kipande chenye banda la farasi lililobomoka paa, pamoja na chai ambayo haikuwa imechumwa kwa muda mrefu. Kama hujaishi na chai, huenda hujui kwamba kichaka kisipochumwa wala kupogolewa hakikai kikikungoja. Kinakuwa mti. Chai ya kipande chetu ilikuwa imepita urefu wa Baba, matawi yameshikana juu, na chini yake kulikuwa na giza la kijani hata saa sita mchana. Ndani ya giza hilo aliishi farasi.

Alikuwa jike, mweupe wa rangi ya maji ya unga. Mwenye shamba alipoondoka alichukua farasi wengine wote. Huyu alikataa kupanda lori, akaachwa. Hakuna aliyemtaka na hakuna aliyeweza kumgusa. Kichwani alikuwa bado na ule mkanda wa ngozi wa kufungia kamba, na chini ya kidevu kilining'inia kipande cha mnyororo.

Huo mnyororo ndio uliotuharibia njia ya kwenda shule. Kwetu, mchana ukipinduka, ukungu huteremka kutoka milimani na mvua ya mawe hufuata. Tulikuwa tukirudi nyumbani kando ya ile chai, tunasikia kling, kling, polepole, upande wa kushoto. Tukisimama, nao unanyamaza. Tukitembea, unatembea. Kaka yangu Kiprono alisema ni Chemosit, lile zimwi la hadithi zetu lenye mguu mmoja, linalokula watoto. "Linaanza na wale wasioongea," alisema, akinitazama mimi. "Kwa sababu hao hawapigi kelele." Kisha akawa wa kwanza kukimbia.

Kabla ya hayo ninayotaka kuwaeleza, nilikutana naye kwa karibu mara moja tu. Ukungu ulikuwa mzito, na mwili wake ulikuwa rangi moja na ukungu, kwa hiyo sikuona farasi. Niliona macho mawili meusi na mkanda mweusi ukining'inia hewani, bila uso. Mkanda ukageuka, ukanitazama.

Baba ndiye aliyegundua shida yake. Mkanda ule alivalishwa akiwa mdogo, akakua nao. Ngozi ilikuwa imezama juu ya pua na nyuma ya masikio, nyama ikafura pande zote mbili, nzi wakajaa. Hakuweza kufungua taya vizuri. Alikuwa akitafuna majani kama mzee asiye na meno, na nusu yake ikianguka. Mbavu zake zilianza kuonekana.

Baba aliita wanaume wakaja na kamba. Walimzingira pale kwenye banda, wakipiga miluzi na kelele kama watu wanaokamata fahali. Nilikuwa juu ya ukingo wa barabara na Mama. Farasi alizunguka mara moja, akasimama akitetemeka mwili mzima, kisha akalia. Sijawahi kusikia tena sauti ile. Ilikuwa kama ya mwanamke anayeletewa habari mbaya. Alipita katikati yao, akavunja ua, na arap Maritim, jirani yetu, akaanguka matopeni akavunjika kidole. Kofia yake ilipatikana kesho yake.

Daktari wa ng'ombe alipokuja kuchanja ndama, Baba alimwonyesha kwa mbali. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, mpole, mwenye buti kubwa. "Mzee, mimi nisikudanganye," alisema. "Farasi nilimsoma kidogo tu. Lakini nakwambia hivi, mkimwangusha kwa kamba vile amekonda, moyo utapasuka. Huyo hana ubaya. Anaogopa tu."

"Sasa nifanye nini?"

"Umkaribie bila kumkaribia," alisema daktari, akacheka mwenyewe kwa jinsi ilivyosikika.

Baba hakucheka. Kumwacha aoze uso akiwa hai hakuweza. Alizungumza na askari mmoja wa kijiji aliyekuwa na bunduki, wakakubaliana aje Jumamosi, shule zikishafungwa.

Hapo ndipo Kogo alipoingia. Kogo ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kipsigis. Huyu, mama yake Baba, alikuwa mwembamba, mwenye masikio marefu yaliyotobolewa zamani, na ng'ombe wakali wote wa kijiji waliletwa kwake kufundishwa kukamuliwa.

"Mwambie huyo mwenye bunduki asiharakishe," alisema. "Mimi nitaenda kukaa na huyo mnyama."

"Mama, huyo si ng'ombe."

"Hata wewe hukuwa ng'ombe, na nilikulea."

Akaniteua mimi nimfuate. "Huyu hana kelele," alisema. Kiprono alinong'ona kwamba nikiliwa atachukua blanketi langu.

Basi kila mchana baada ya shule tulienda kwenye banda lile. Kogo alimfunga ng'ombe wetu mzee karibu, kwa sababu alisema hakuna kiumbe kinachopona upweke kikiwa peke yake. Aliweka beseni la maji, na jiwe la chumvi ya ng'ombe, na majani laini aliyoyakata mafupi ili yasihitaji kutafunwa sana. Kisha tulikaa chini kwenye magunia, tumempa farasi ubavu, si uso. Sikuruhusiwa kumwangalia machoni. Mnyororo ukilia karibu kisha ukasimama ghafla, Kogo alininyanyua tukasogea nyuma kidogo, hata kama tulikuwa tumefurahi kwamba amekuja. "Ukimkimbilia ndama, unamfundisha kukimbia," aliniambia. Kupumua pia alinifundisha, kutoa pumzi polepole mpaka mabega yashuke.

Na muda wote alizungumza. Alisema mnyama aogopaye huogopa zaidi akikuta watu kimya, maana chui naye huwa kimya. Lakini mtu atazungumza nini na farasi mchana kutwa? Kogo alichagua majina.

Lazima nieleze. Kwetu mtoto akizaliwa, wazee wanawake huketi naye na kutaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, bila haraka. Mtoto akipiga chafya, jina lililokuwa mdomoni ndilo lake. Aliyekufa amerudi, ameitika. Wanaotajwa ni wafu tu. Hakuna anayeweza kutaja jina la mtu aliye hai katika orodha ile. Ingekuwa kama kumchimbia kaburi.

Kogo aliyajua majina hayo kama njia ya mtoni. "Tapsiargaa. Arap Boiyot. Tabutany. Arap Tonui." Sauti moja, haipandi, haishuki. Akimaliza alianza tena.

Nakiri ilinitisha. Ukungu ulikuwa ukiingia bandani kwa paa lililobomoka na kukaa kati yetu, na kila jina lilipotajwa nilihisi kama mtu mmoja zaidi amefika na kutafuta mahali pa kuketi. Siku moja farasi alikuwa amesimama mbele yetu, karibu kuliko siku zote, akilamba chumvi. Kogo akasema, "Arap Boiyot." Farasi akainua kichwa. Masikio yake yote mawili yaligeukia kona ya banda, pale penye hori la zamani. Hapakuwa na kitu. Aliendelea kupatazama kwa muda, kama unavyomtazama mtu anayevua koti. Kisha akarudi kwenye chumvi. Kogo hakugeuka kuangalia, wala hakukosa jina lililofuata.

Kulikuwa na jina moja ambalo halikuwamo. Kogo alikuwa na mtoto wa mwisho, Kipkoech, mdogo wa Baba. Aliondoka nikiwa mdogo sana, akaenda kutafuta kazi kwenye misitu ya mbao, na hakurudi. Watu walitumwa kumwulizia, wakarudi na hadithi tofauti tofauti. Baba na Mama walikuwa na mawazo yao, lakini hakuna aliyethubutu kuyasema. Mgeni akimtaja, Kogo alijibu, "Amechelewa," akaendelea na alichokuwa akifanya. Kipande chake cha shamba hakikulimwa.

Ijumaa ya kufunga shule ilifika. Kesho yake askari angekuja. Kogo alibeba kisu cha Baba cha kupogolea chai, kile kilichopinda, alichokuwa amekinoa asubuhi mpaka kikanyoa nywele za mkono wake. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uzee, kwa hiyo alinipa mimi. "Nikikuambia, ukate. Usivute. Usiogope ukiona damu."

Mchana ule farasi alikuja hadi magotini petu. Nilikuwa nimeinama nikisikia mnyororo, kisha sikuusikia tena, na joto likanipiga nyuma ya shingo. Alikuwa akininusa. Kogo alisimama polepole, akaweka kiganja pale mabega yanapoanzia, akaanza kukuna kwa vidole, taratibu, huku akitaja majina. Farasi alisimama kama ubao. Niliona mishipa ya shingo. Harufu ya ngozi iliyooza na kulowa ilikuwa nzito kiasi kwamba nilionja.

Majina yaliisha. Kwa kawaida angeanza tena. Lakini Kogo alinyamaza, akaendelea kukuna. Polepole sana, kichwa cha farasi kilianza kushuka. Mdomo wa chini ukalegea. Masikio yakalala pande. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza mbali, tuliisikia ikija juu ya chai kama watu wengi wanaotembea.

Kogo akasema, "Kipkoech."

Farasi akapiga chafya. Pumzi ndefu yenye maji ilitoka puani ikatulowesha mimi na Kogo, nguo na nyuso, na mwili wake wote ukatetemeka mara moja na kutulia.

Nilimtazama Kogo. Uso wake haukuwa na kitu. Alikuwa bado akikuna.

"Kata," alisema.

Nilipitisha ncha ya kisu chini ya mkanda, shavuni, mahali palipokuwa na nafasi, nikakata. Kisha nyuma ya sikio. Mkanda ulibaki juu ya pua, umeshika. Kogo aliulainisha kwa mafuta, akauinua kwa kidole kimoja, ukatoka na nywele na kipande cha ngozi yake. Farasi hakukimbia. Alifungua mdomo, akaufungua zaidi, kama mtu anayejaribu mlango ambao daima ulikuwa umefungwa. Tulimwosha kwa maji ya chumvi, mawe ya mvua yakipiga mabati yaliyobaki.

Nyumbani Kogo hakungoja kuulizwa. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika. "Kipkoech ameitika," alisema.

Sufuria ilimponyoka Mama. Baba alikaa chini polepole, akafunika uso. Kwa miaka yote ile hakuwa ameweza kumlilia mdogo wake, kwa sababu mama yake alikuwa akimngoja. Kesho yake Kogo alinyolewa nywele kama anavyonyolewa mfiwa, na majirani wakaja.

Askari alikuja pia na bunduki yake. Aliambiwa habari, akanywa chai, akaenda hadi kwenye ua. Farasi alimwangalia kwa uso wake uliojaa vidonda. Askari alivua kofia. "Chamgei, Kipkoech," alisalimu, kwa heshima kamili, akaondoka akitembea kinyumenyume hatua za kwanza. Tangu hapo hakuna aliyemtupia farasi yule hata jiwe. Arap Maritim alimletea maziwa kwenye kibuyu, akamwomba msamaha kwa ajili ya kamba. Farasi hakunywa maziwa. Arap Maritim akasema hata Kipkoech hakuyapenda.

Nikiwa mtu mzima nilifanya kazi ya kufua nguo kwenye shamba moja la farasi, mbali na kwetu. Huko nilisikia pumzi ile kila siku. Mtunza farasi aliniambia ni jambo la kawaida. Farasi akiwa ameshikilia hofu muda mrefu, kisha hofu ikamwachia, kichwa hushuka, mdomo hulegea, halafu hutoa pumzi puani kama anayepiga chafya. Ukimzoea, alisema, unaiona ikija.

Nilisimama na nguo mbichi mikononi. Nilikumbuka Kogo akinyamaza majina yalipoisha, akikuna, akiangalia kile kichwa kikishuka. Mwanamke aliyekuwa ametuliza wanyama wenye hofu maisha yake yote.

Kuhusu ile kona ya banda sina maelezo, na sijamwuliza mtu. Lakini hili la chafya nimelielewa. Ilikuwa inakuja, na ingekuja kwa jina lolote lile. Kogo aliiona, na akachagua lile moja.